Kabuti la Mabaharia la Dada Godé

Ninyi mliokulia Likasi pamoja nami, bila shaka hamjaisahau ile baridi ya mwezi wa sita. Tuliamka pumzi zinatoka mdomoni kama moshi, tukaokota vijiti na kujifanya wazee wanaovuta sigara. Vumbi jekundu lilikuwa zito kwa umande, na harufu ya viwanda vya shaba ilishuka mpaka uani, chachu kidogo kwenye ulimi. Mama aliwasha makaa kwenye mbabula, akachoma juu yake bukari ya jana, yaani ugali uliolala, mpaka ikapata ganda la kahawia. Tuliila na chai ya moto, macho bado yana usingizi.

Kwa dada Godé, mkubwa wetu, baridi ile haikuwa mchezo. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao madaktari wanauita SS, yaani selimundu. Baridi ikimgusa, mifupa ilimuuma mpaka anauma shuka asilie. Kila msimu wa baridi masomo yake yalikatikia hospitali. Mwaka ule alikuwa darasa la mwisho la sekondari, na mtihani wa diplome uliangukia katikati ya baridi. Mwalimu mmoja alimshauri baba amngojeshe mwaka mwingine. Baba, dereva wa lori la kwenda mji mdogo wa Kapolowe, alirudi nyumbani na habari hiyo. Mama alivaa kitenge chake, akatushika mikono, mimi na Godé, akatupeleka sokoni kwenye nguo za mitumba.

Robota lilikuwa limetoka kufunguliwa. Ndani yake mama aliliona: kabuti fupi la sufu nzito, buluu iliyokaribia weusi, kola pana, vifungo vikubwa vyenye nanga, vya mabaharia wa meli. Alivuta mkono mmoja wa kabuti. Mkono wa pili ulikuwa tayari umeshikwa na Tonton Zadio, yule bwana mtanashati wa mtaa wetu aliyevaa viatu vyeupe hata kwenye matope.

"Mama, minye njo niliikamata wa kwanza," akasema. "Hii ni kaboti ya bantu ya bateau. Niliitafuta tangu zamani!"

"Weye unaitafuta juu ya kutembea nayo," mama akajibu. "Minye ninaitafuta juu ya mutoto. Iko na ugonjwa ya damu. Baridi inamuvunja mifupa, na mutihani iko karibu."

Tonton Zadio hakuachia. Alilitazama kabuti, akamtazama Godé aliyesimama mikono kwapani, midomo imepauka. Kisha akalinyanyua lile kabuti, akalikung'uta, akamvalisha dada yangu mwenyewe, taratibu, kama fundi anayempima bwana arusi.

"Usiivae kama blanketi," akamwambia. "Kola juu. Mabega nyuma. Sasa tembea."

Godé akatembea kati ya marundo ya nguo, na wauzaji wakampigia makofi. Mama aligeuka pembeni, akajifuta macho na ncha ya kitenge.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari, lakini siku za mtihani watoto wa mtaa walimsindikiza Godé wakimwita Commandant, nahodha wetu. Mama alimtia viazi vitamu vya moto kwenye mifuko mirefu ya kabuti ili vidole vipate joto la kuandika. Asubuhi ya mwisho majani yalikuwa meupe kwa baridi. Dada alitembea polepole, akiuma meno, nami nikimsikia akijisemea, "Mabega nyuma." Akaandika mpaka karatasi ya mwisho.

Matokeo yaliposomwa redioni, mama alimvalisha kabuti jua likiwaka, majirani wakammwagia poda kichwani, kama ilivyo desturi kwa aliyefaulu, mpaka nanga za vifungo zikapotea. Baba alipiga honi ya lori lake mtaa mzima. Kwa wiki nyingi mama alimkataza mtu yeyote kulikung'uta.

Godé alifundisha watoto Kapolowe kwa miaka mingi kuliko alivyotabiri daktari yeyote. Kisha akatutoka, kwa utulivu, akiwa amelala.

Leo mwanangu Trésor anaagiza makabuti ya namna ile kwa simu. Anayavaa saa sita mchana, vifungo wazi, apigwe picha. Asubuhi ya baridi anatoka na fulana, halafu anakohoa wiki nzima. Nikimwambia afunge vifungo, ananijibu, "Maman, njo style." Ninacheka tu.

Lakini mwezi wa sita, nikingoja taksibisi barabarani, wasichana wa sekondari hupita mbele yangu, kila mmoja na jaketi lake zuri na simu yake, kila mmoja na njia yake. Huwa natamani kuwaita niwaambie wasogeleane. Sisi tulikwenda kundi zima, tumeshikana viwiko, na mmoja akisimama kwa maumivu, wote tulisimama, tukamngoja.