Kiti Nje ya Lango

Ukija kutafuta nyumba Ruring'u, usije na gari. Au njoo nalo, lakini uliache kule uwanjani, kwa sababu Wacera hatakuonyesha nyumba yoyote ukiwa umeketi ndani ya gari. Nimemwona kwa macho yangu mtu wa tai, mkubwa wa ofisi fulani, akimfungulia mlango wa mbele kwa heshima zote, naye Wacera akaufunga kutoka nje.

"Weka hiyo gari hapo kwa kivuli, mzee wangu," akamwambia. "Kwa nyumba tunaenda na miguu."

Mtu wa tai alishuka. Wote hushuka.

Mimi naitwa Mburu, na watu huniita Baba Nduta. Nilikuwa karani wa mambo ya ardhi kwa miaka thelathini na mmoja, na sasa nimestaafu. Nina vyumba sita vya kupangisha kwenye ule mteremko mkali ulio kati ya kanisa na zahanati. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kusifu ovyo. Mke wangu, Wamucii, husema siwezi kumsifu mtu kabla sijamgombeza, na kwa miaka mingi Wacera nimemgombeza vya kutosha.

Alizaliwa Othaya, kwenye vilima vya majani chai, akaolewa huko huko, akafiwa na mume mapema. Alifika Ruring'u na mtoto mmoja, Griffins, na kiondo kimoja. Alianza kwa kufulia watu nguo. Mfua nguo anajua mengi: anajua nani anataka kuhama kabla mwenye nyumba hajaambiwa, anajua bomba gani hutoa maji Jumanne peke yake. Watu wakaanza kumuuliza. Ndivyo alivyoingia katika kazi ya kuonyesha nyumba, na sasa ni miaka ishirini na minne. Hana ofisi wala bango. Ana sweta ya kijani, raba nyeusi na simu ya kubonyeza.

Kama kazi yako iko mjini, atakuita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ile ile utakayokuwa ukitoka kwenda kazini, ili usije kusema hukuambiwa. Baridi ya Julai haimzuii. Mnatembea chini ya miti ya mikima iliyopandwa na wazee wetu kando ya njia, kati ya nyua za kaiyaba, ule mti wa miiba ambao hata mbuzi huupita kando. Ukifika penye tangi la maji anakugeuza kwa bega ili uutazame mlima wakati bado umejitokeza wote, na theluji yake, kabla mawingu hayajaufunika. Anakuacha uangalie, kisha anakuvuta mkono mwende.

Anakupitisha kwa Murugi wa mboga, ambaye atakukatia sukuma wiki huku ukingoja. Anakupitisha kwa fundi wa viatu, kwenye kinu cha unga, na kwenye lango la shule ambako watoto hufika wenyewe, wadogo wakiwa wameshikwa mikono na wakubwa. Kila mahali anasimama na kulitaja jina lako. Nyumba unaiona mwisho kabisa, nawe unapoingia, watu kumi tayari wanakujua, na siku mbili zikipita bila kuonekana wataulizana uko wapi. Nilipokuwa kijana nilipanga nyumba Nairobi miaka minne, na jirani yangu wa mlango wa pili nilimjua kwa kikohozi chake tu. Kwa hiyo najua thamani ya kazi anayoifanya mwanamke huyu, hata kama kumwambia hivyo ana kwa ana kulinishinda.

Sisi wenye nyumba ametuwekea sharti moja. Nje ya lango, upande wa njia, lazima pawe na pa kukaa. Gogo, jiwe, ubao, chochote.

"Lango haina kiti, mimi siletei mtu," aliniambia siku ya kwanza. "Mtu ametoka soko na mzigo, huu mlima wote. Atakaa wapi? Kwa kichwa yako?"

Nilinung'unika, lakini vyumba vilikuwa vipya na havikuwa na watu. Nikatengeneza benchi la mkima, ubao mpana na miguu minne ya kuchimbia. Ruring'u nzima ilifanya hivyo. Murugi ana kisiki, kanisa lina ubao, Wamae, mwalimu mzee jirani yangu wa chini, ana jiwe bapa lililolainika kwa kukaliwa. Wazee huenda zahanati kwa vituo: kisiki, ubao, jiwe, benchi langu, na hapo umefika. Benchi langu lilikuwa la mwisho na lilikuwa mahali pabaya kuliko pote, mlima ukiwa umesimama wima.

Sasa nitakuambia kosa langu, na naomba usicheke kwa sauti.

Mtu aliyefanya kazi ya ardhi miaka thelathini na mmoja haoni kiti kama wewe unavyokiona. Mimi nimeona ndugu wakifikishana kortini kwa hatua mbili za shamba. Nimesoma mafaili ya watu waliomwachia jirani achunge ng'ombe pembeni, na miaka kumi na miwili ilipopita jirani akaja na wakili kudai pale ni pake. Kumi na miwili: hiyo namba ililala kichwani mwangu. Benchi langu lilikuwa ndani ya mpaka wangu, kwa sababu ua niliurudisha nyuma nilipolijenga. Kila siku watu walikaa pale bila kuomba ruhusa. Basi benchi lilipoingia mwaka wa kumi na moja, nilichukua sururu asubuhi moja, nikaling'oa, nikapanda kaiyaba mpaka ukingoni mwa njia. Niliilinda ardhi yangu dhidi ya akina mama wenye vikapu vya viazi.

Wamucii alinitazama dirishani mpaka nikamaliza. "Ati watu watakunyang'anya mahali pa kukaa," akasema.

Wacera naye hakuja kugombana. Alipita, akaiona ile miche ya miiba, akaendelea na safari yake. Ila tangu siku hiyo hakuniletea mtu. Chumba namba nne kilipoachwa wazi kilikaa hivyo miezi minane, nami nikawa namwona akiwapitisha wageni mbele ya lango langu bila hata kugeuza shingo. Nilikasirika. Nilimwita mwanamke wa kiburi mbele ya watu, na nikajua wakati huo huo kwamba mwenye kiburi alikuwa mimi.

Kisha goti lake la kulia likaanza kumsumbua. Daktari wa zahanati alimwambia asiache kutembea, ila apumzike kila mara, na aende akaonwe kila wiki mbili. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wacera alikuwa mwenda pole, na Aprili ile ya mvua akajikwaa. Alitoka kwenye jiwe la Wamae, akapanda, akafika mbele ya lango langu goti likiwa limekwisha, akatafuta pa kukaa akakuta miiba. Aliushika ua wangu kwa mkono. Akaanguka kwenye matope, na vijana wa bodaboda ndio waliomwinua. Nilipotoka nilikuta raba yake moja imebaki njiani. Niliipeleka kwake nikaiacha mlangoni bila kubisha. Niliona haya, na haya ile sikujua niipeleke wapi.

Griffins alikuja kutoka Nairobi wiki hiyo, akarudi tena Agosti, safari hii na masanduku matupu. Ni kijana mzuri, ana kazi nzuri, na anampenda mama yake. Alikuwa amempangia chumba nyumbani kwake, ghorofa ya saba, lifti ipo, ila duka liko mbali na kila kitu huendewa kwa gari. Habari ilizunguka Ruring'u kabla ya chai ya saa nne. Murugi alilia hadharani akiwa amekamata kisu cha sukuma.

Wacera hakulia. Alimwambia mwanawe, na Murugi ndiye aliyetusimulia, "Mimi hakuna mtu nimewahi patia nyumba kabla hajatembea. Hata wewe utanitembeza kwanza. Kesho niko na kliniki. Nitaenda na miguu na nirudi na miguu, na wewe utafuata nyuma bila kunishika. Nikishindwa, nitabeba hizo sanduku mwenyewe."

Griffins akakubali. Alijua, kama sote tulivyojua, mlima ule ulivyo.

Wamucii alinipa habari hiyo huku akiniwekea chakula, akaketi mbele yangu asile. "Baba Nduta," akasema, "huyo mama akianguka kesho tena kwa lango yetu, mimi nitaenda Othaya kwa dada yangu, na hiyo kaiyaba yako itakupikia."

Asubuhi nilichukua panga. Kaiyaba haina adabu. Mikono ilijaa damu kabla sijasafisha hatua tatu. Benchi la zamani nilikuwa nimelipasua kuni, na kumngoja fundi ni kungoja wiki ijayo ambayo haiji. Basi nikaingia sebuleni nikashika kiti kimoja cha seti, kile kikubwa cha mikono ya mbao ninachokalia mimi mwenyewe. Nikaanza kuvitoa vitambaa vyake, vile vyeupe alivyovishona Wamucii kwa mkono mwaka tuliooana.

"Viwache," akasema nyuma yangu. "Kiti yangu haiendi nje uchi."

Akashika upande wa pili. Tulikitoa wawili, tukakiweka pale pale palipokuwa na benchi, kikitazama mlima, tukakaza jiwe chini ya mguu mmoja kisiyumbe. Kiti cha sebuleni kando ya njia, na kitambaa cheupe mgongoni! Watoto wa shule walisimama kutazama.

Walitokea chini saa tatu. Nilimwona akikaa kwenye jiwe la Wamae, akalinyoosha goti, akainuka. Griffins alikuwa nyuma hatua tano, mikono mfukoni, kama alivyoagizwa. Wacera alipanda. Kila baada ya hatua kumi alisimama. Nilisimama langoni mwangu nikamwomba Mungu, mimi ambaye kanisani husinzia.

Alipoinua macho akakiona kile kiti, alisimama kidogo. Halafu akaja moja kwa moja, akakishika mkono wake wa mbao, akaketi. Akaegemea. Akafumba macho.

Griffins alitazama kiti, akanitazama mimi na mikono yangu yenye damu. "Mzee, hii ni ya nini?"

Ningeweza kusema ni ukarimu. Wamucii alikuwa ananitazama.

"Hapa palikuwa na benchi miaka zaidi ya kumi," nikamwambia. "Mimi ndio niliing'oa. Mama yako alianguka hapa kwa sababu yangu. Nisamehe."

Kijana alitoa mikono mfukoni. Uso wake ulibadilika, na kama angenipiga ningeona ni haki yake. Wacera ndiye aliyesema, bila kufumbua macho.

"Griffins, toka hapo mbele. Unanifungia mlima."

Alikaa kama dakika kumi. Alikunywa chai ya Wamucii, akaupapasa ule ushonaji wa kitambaa kwa kidole, akasema umetoka vizuri. Kisha akainuka peke yake akaenda zahanati, na aliporudi akakaa tena pale, akateremka mpaka kwake. Jioni Griffins aliyarudisha masanduku kwenye gari yakiwa matupu kama yalivyokuja. Kabla ya kuondoka alipitia kwangu, akanishika mkono, akaniuliza fundi mzuri wa saruji anapatikana wapi.

Benchi la sasa ni la saruji, lina mgongo, na lina kibati cha kuzuia mvua. Siku tulipolimwagia maji ya mwisho ya kukaza saruji, Wamucii aliniuliza, "Na ile miaka yako kumi na miwili?" Nikamwambia miaka ikifika kumi na miwili watu wakiwa bado wanakaa, hicho kipande wachukue, mimi sina wakili.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa ndani nafunga kamba za viatu nikasikia sauti ya Wacera nje. Alikuwa na mwanamke kijana, muuguzi anaitwa Karimi, ametoka Embu, upande wa pili wa mlima, anatafuta chumba. Walikuwa wamekaa kwenye benchi. Wacera alikuwa akimwonyesha zahanati ilipo, na Murugi, na njia ya mjini. Halafu nikasikia akigonga mgongo wa benchi kwa kofi mara mbili.

"Na hapa ni kwa Baba Nduta," akasema. "Ni mkali sana. Lakini ako na kiti."