Shamba Lililochachuka

Jiko letu lilinuka majivu yaliyolowa, harufu kali inayopanda puani na kukaa humo, kama ya ukuta uliopakwa chokaa jana. Mama alichoma maganda ya maharage, akajaza majivu yake kwenye chungu chenye matundu, kisha akamimina maji juu yake taratibu. Chini yalidondoka magadi, maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Kila mwanamke wa milima ile ya Mbinga alijua kuyatengeneza, na kila mtoto alijua kazi yake: kijiko kimoja kwenye sufuria ya maharage, yanaiva upesi na kuni zinabaki. Nilikatazwa kuyaonja, kwa hiyo niliyaonja kila siku. Yalikuwa machungu na yaliteleza ulimini kama sabuni. Nilitema, nikaonja tena. Ndivyo nilivyozaliwa, na sijapona mpaka leo.

Mama hakuwa Mmatengo kama watu wa milima ile. Baba alimtoa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, alikokulia akianika usipa, dagaa wa ziwa hilo, juani, akamleta juu kwenye baridi na mteremko. Kwetu mwanamke hupimwa kwa ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba, wanawake huyafukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo linalozuia mvua isikimbie na shamba; hiyo ndiyo ngoro. Majani huoza chini ya udongo na kulisha maharage. Mama alijifunza kazi hiyo akiwa na mimba yangu, akaifanya vizuri, nasema vizuri kwa sababu nimeona ngoro nyingi na za wengi ni mbovu kuliko zake. Lakini alipopewa shamba lake mwenyewe, nikiwa darasa la nne, maharage yake yalitoka ya njano. Mwaka wa kwanza ya njano, wa pili ya njano na mafupi. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyegawa mashamba ya ukoo wetu, naye alisimama ukingoni akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani, "Si niliwaambia? Mikono hii ni ya kuparua samaki." Kisha akatoa hukumu: msimu mmoja zaidi. Maharage ya Machi yakishindwa, shamba litapewa mke wa Baba Mdogo. Mke asiye na shamba lake pale hakuwa na ghala lake, na mke asiye na ghala huenda na bakuli mlangoni kwa mama mkwe kila watoto wanapotaka kula. Mama hakulia mbele ya Bibi. Alilia jikoni, akasingizia moshi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa kinakata roho, mbolea ya mkopo ilikuwa imekoma, wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milima na mizani zao, na maduka ya Kitai yalijaa mitumba na sabuni za kila rangi. Shuleni kwetu soko huria lilifika kwa namna yake: hata chaki hatukuwa nazo. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa sayansi, kijana mrefu mwenye suruali moja, alitusomea habari za asidi na besi, na kitabu kikataka karatasi za litmasi. Akakifunga. "Litmasi hakuna na haitakuja," alisema. "Nendeni mkachume yale maua mekundu ya uzio wa kanisa." Tuliyachemsha tukapata maji ya zambarau. Tukayagawa kwenye vikombe, kila mtu akatia alichokileta kutoka kwao. Limau liliyafanya mekundu. Togwa iliyochachuka ikayafanya mekundu kidogo. Maji ya sabuni yakayageuza kijani. Nilipomimina magadi ya Mama yakawa kijani cha kutisha, darasa zima likasema aah! Mwalimu akaandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu: kikali cha kuchachuka ni asidi, kichungu cha kuteleza ni besi, vikikutana kila kimoja humtuliza mwenzake. Nikatia limau tone kwa tone kwenye kikombe cha kijani mpaka zambarau ikarudi. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na udongo je? Unaweza kuchachuka?" Akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu mzima: "Sijui. Kaulete."

Kesho yake nilibeba udongo wa mashamba mawili, wa Mama na wa Bibi, kila mmoja kwenye kopo lake. Tukakoroga kwa maji ya mvua, tukaacha utulie, tukachuja kwa kitambaa, tukatia maji ya maua. Wa Bibi haukubadilika. Wa Mama ulielekea wekundu, si ule wa limau, lakini wekundu ambao mtu mwenye macho hawezi kuukana. Miaka baadaye, sekondari, nilifundishwa namba zake: pH, kutoka sifuri hadi kumi na nne, saba ikiwa katikati ambako maji safi hukaa, asidi chini yake na besi juu yake, na kila hatua moja ni mara kumi. Limau liko karibu na mbili, magadi hupita kumi. Udongo ukishuka chini ya tano mizizi ya maharage hudumaa, chakula kipo na mmea haukifikii. Siku ile sikuwa na namba hata moja, ila nilikuwa na vikombe viwili. Nikamuuliza Baba kulikuwa na nini pale kabla ya Mama. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, akajibu akinoa nyengo yake, lile panga lenye ncha ya kupinda: "Kahawa. Tuliimwagia chumvichumvi kila mwaka, gunia baada ya gunia, mbolea ilikuwa ya mkopo bwana, nani angebakiza? Mwisho mibuni ikafa." Mwalimu aliposikia chumvichumvi akajipiga paji la uso. Alikumbuka chuoni waliambiwa kwamba mbolea ile, ikirudiwa miaka mingi, huuchachusha udongo. Basi! Walilichachusha shamba wenyewe, likawa halifai kitu, wakampa mgeni, kisha wakamlaumu mikono yake. Kwa hasira nililitupa kopo chini.

Dawa niliijua, ilikuwa jikoni. Tatizo ni kwamba majivu kwenye ngoro yalikuwa mwiko. Majani ya ngoro hufukiwa mabichi, hayachomwi, na Bibi alisema anayepeleka majivu pale anaitukana kazi ya wazee. Nikapeleka. Nilijaza majivu kwenye kapu, nikamwaga konzi nzima juu ya kila shina katika miraba mitatu, roho kwatu. Siku nne baadaye miche ile ilikuwa imeungua mpaka shina. Bibi aliwaita mashangazi kuja kutazama. Mama alinichapa kwa mwiko wa ugali, akisema, "Umenimaliza, Kordula, umenimaliza!" Nikamweleza yote katikati ya viboko: maua, vikombe, gunia la chumvichumvi. Mkono wake ukasimama hewani. "Tunapopika maharage," akauliza, "tunatia magadi kiasi gani?" Nikajibu kijiko. "Na wewe umemwaga chungu kizima. Mpumbavu wee!" Kisha akacheka, huku machozi yakimtoka. Asubuhi iliyofuata tulichunga majivu, tukayanyunyiza kidogo kidogo kati ya mistari, mbali na mashina, tukayachanganya na udongo kwa vidole. Tulifanya hivyo mchana kweupe, na Bibi akituona. Mama hakujificha hata mara moja.

Yale maharage yakawa kijani. Hayakuwa mengi kama ya Bibi, siwezi kudanganya, lakini Julai Mama alijaza ghala lake nusu. Bibi alikuja, akapima mzigo kwa macho, akasema ardhi ilikuwa imechoka tu, sasa imepumzika, hivyo shamba apewe mke wa Baba Mdogo kama ilivyosemwa. Hebu fikiria! Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikatoka nyuma ya Mama. "Shikamoo Bibi. Shamba hili mlilichachusha ninyi kwa magunia yenu, na Mama ndiye aliyeliponya." Kofi lilinifika kabla sijafunga mdomo. Mama akanivuta kwake, akasema polepole, "Mtoto amesema kweli. Na mimi sitoki." Wote walimgeukia Baba. Akachukua nyengo yake, akateremka mpaka kwenye mraba wa kwanza, akaanza kufyeka majani kwa ajili ya ngoro mpya ya mke wake. Hakuna aliyezungumzia tena kugawa shamba lile.

Leo nafundisha kemia, na kipimo cha pH kinaingia mfukoni mwangu. Watu wanapenda nisimulie haya kama sifa ya hekima ya wazee wetu. Siwezi. Wazee wangu walikuwa na hekima ya ngoro, na pia walimsingizia mwanamke kosa la gunia. Vyote viwili ni kweli na sitaficha kimoja. Bibi amefariki, na sasa Mama ndiye anayegawa mashamba. Mwaka jana nilimkuta amesimama ukingoni mwa shamba la mke wa kaka yangu, binti mgeni kutoka Tingi mwenye mtoto mgongoni, maharage yake ya njano. Mama akavuta pumzi. "Huyu mikono yake..." alianza. Nilimkatiza mbele ya watu, mimi mwanawe, na sijamwomba radhi. "Mama," nilisema, "usiitaje mikono ya mtu." Alinitazama kwa hasira nisiyowahi kuiona kwake. Kisha akamtazama yule binti, ambaye alikuwa anaangalia chini, akipangusa macho na kusingizia vumbi. Mama akapiga magoti shambani, akachimba udongo kwa vidole vyake, akaniletea kiganja kimejaa.