Feni ya Lubna na Mafuta ya Papa

Shemeji yangu Bwanamkuu hawezi kunong'ona. Nalisema hili mapema ili mbele msije mkanilaumu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine za boti kule Mtangawanda, kisiwani Pate, kichwa kimeinamia injini zinazonguruma, na injini hizo zilipomaliza kumlisha zikaondoka na masikio yake. Akikunong'oneza siri hapa Amu, yaani Lamu, mtu wa kisiwa cha mbali cha Kiwayu anaitikia "Inshallah".

Ni mume wa marehemu dada yangu. Nyumba hii baba yetu alitupa sisi mabinti wake wawili, kama ilivyo desturi yetu: dada akapata juu, mimi nikapata chini, ninakokaa na mume wangu. Dada alipofariki, Bwanamkuu alifunga karakana yake Pate akaja kukaa moja kwa moja huku juu na binti yao wa pekee, Lubna. Watu walisema ameifunga kwa sababu ya msiba. Msiba ulikuwepo, sikatai. Lakini ukweli ni kwamba wateja walikuwa wamekwisha. Fundi wa injini husikiliza kwanza ndipo ashike spana, naye hasikii. Alimrudishia nahodha mmoja mashine akamwambia imepona, nayo ilikuwa ikigonga kama mtu anayetwanga kisamvu. Baada ya hapo hakuna aliyemletea hata plagi ya kusafisha.

Basi akawa anashinda barazani na bisibisi mfukoni, akikagua mali yangu. Leo cherehani, kesho bawaba za mlango. Mimi hasira zangu ziko karibu, mtaa mzima unajua, na mwaka ule karibu zote zilimwishia yeye.

"Bi Zamzam, friji lako lalia," ananiambia, kiganja kakibandika ubavuni mwa friji.

"Friji halilii, shemeji. Anayelia ni mimi."

Akalifungua hata hivyo. Siku mbili tulikula samaki wa kukaanga mchana na usiku, maana hapakuwa na pa kuwaweka.

Sasa Lubna. Mtoto huyu amesomea ualimu, na kazi ya serikali ameisubiri mpaka amechoka. Akapata habari za kampuni moja inayofundisha wageni Kiswahili kwa mtandao: mwalimu anakaa kwake, mwanafunzi anakaa kwao, wanaonana kwenye laptopu. Msimamizi wao, Bi Chelangat, yuko Nairobi, naye humjaribu kila mwalimu kwa somo moja, yeye mwenyewe akijifanya mwanafunzi. Lubna alijipamba, akafunga mtandio wa zambarau, akaanza vizuri kabisa na maamkizi. Kisha laptopu ikapata moto na feni yake ikaanza. Jamani, ile feni! Ilianza kwa kukoroma, ikapanda ikawa inakwaruza, kisha ikapiga mluzi.

"Mwalimu," akauliza Bi Chelangat, "uko uwanja wa ndege?"

Alimwonea huruma, akampa nafasi ya pili: Alhamisi alasiri. Kelele zikirudi, watatafuta mwalimu mwingine.

Na nyuma ya Alhamisi hiyo kulikuwa na Nakuru. Rafiki yake wa chuoni, Valary, alikuwa amemtafutia kazi ya mapokezi hotelini huko, na alitaka jibu Alhamisi hiyo hiyo kabla ya magharibi. Lubna hakuitaka Nakuru. Lakini pia hakutaka kuendelea kukaa bure, na mimi nilimwelewa. Aliyekuwa haelewi ni baba yake.

"Nakuru kuna bahari?" akauliza.

"Kuna ziwa, Baba."

"Mai yake matamu?"

"Ya chumvi. Na lina ndege warefu, rangi yao ya waridi."

Bwanamkuu alinigeukia. "Wamemdanganya mwana," akasema.

Lubna aliipeleka laptopu kwa Wafula, fundi wa simu pale karibu na gati. Wafula akaisikiliza akatikisa kichwa. "Hii feni imeisha, dada. Naagiza nyingine Mombasa. Nipe wiki." Wiki! Na Alhamisi ilikuwa kesho. Mtoto akarudi nyumbani amebeba laptopu kifuani, akapita barazani mbele ya baba yake. Bwanamkuu akanyoosha mikono.

"Nipa mimi."

"Baba, hii si injini ya boti."

"Lina panga lizungukalo?"

"Lina."

"Basi ni injini. Nipa."

Nilidhani Lubna atakataa. Hakukataa, na mpaka leo sijui ni kwa kumwamini au kwa kukata tamaa. Bwanamkuu akaomba mkeka, yaani akauchukua mkeka wangu wa wageni bila kuomba. Akavua kofia. Akasema Bismillahi. Kwanza akaiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye mfuniko na mpini kwenye meno yake, akafumba macho. Hivyo ndivyo asikiavyo siku hizi, kwa mifupa ya taya. Alikaa hivyo mpaka mate yakaanza kumtoka.

"Kuna uchafu ndani, na kitovu kikavu," akasema. "Kiu tu. Hayafa bado."

Akaizima, akaipindua, akatoa skrubu moja moja akizipanga mkekani kwa jinsi zilivyokaa. Mfuniko ulipotoka, sote watatu tukaguna. Lubna, mkitaka kujua, huitumia kitandani, laptopu kailaza juu ya mto wa sufi. Na mimi, kila Ijumaa, hufukiza udi nyumba nzima, juu na chini, nguo, mapazia na chochote kilicho njiani. Basi ile feni ilikuwa imevuta sufi kutoka chini na moshi wa udi kutoka juu, vikashikana vikawa kitu kama kiota. Bwanamkuu alikinyofoa kwa kibanio changu cha nyusi, akakinusa.

"Hii mashine ingekufa, ingekufa na harufu njema."

Akaisafisha kwa mswaki, panga moja baada ya jingine, akikizuia kitovu kwa kidole kisizunguke. Vumbi lililobaki alilipepea kwa kipepeo changu cha jikoni. Sufi ikaruka ikamjaa ndevuni. Kisha akabandua ile karatasi ndogo iliyoziba kitovu cha feni, akasema sasa inataka tone moja la mafuta.

Nikaenda mbio kumletea chupa yangu ya mafuta ya cherehani. Hata sikuzipenda zile mbio, lakini nilikwenda. Akaitazama kama nimemletea chai baridi.

"Hayo ni ya nti kavu, Bi Zamzam. Hapa hewa ina chumvi. Chumvi haiogopi mafuta ya dukani."

"Inaogopa nini?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa kilichofungwa kitambaa. Nikayajua kabla hajafungua, maana pua yangu ilijua. Mafuta ya ini la papa, yale wanayopaka mbao za mashua zisiingie maji. Harufu yake mtu akipita nayo kichochoroni asubuhi, jioni bado ipo inamngoja.

"Yatanuka!" nikapiga kelele.

"Papa hanuki," akasema Bwanamkuu kwa yakini kabisa. Kwa papa, pua yake nayo ilikuwa imeshastaafu.

Akachovya kijiti changu cha wanja, ambacho sijakitumia tena, akadondosha tone moja. Kisha, kwa kuwa anampenda mwanawe, akaongeza la pili. Akafunga. Skrubu moja ikabaki mkekani. Alisema kila mashine hutoka kiwandani na skrubu moja ya urembo.

Lubna akaiwasha. Tukangoja. Hatukusikia kitu. Akafungua mambo yote yanayoipa moto, tukangoja tena. Kimya. Akaweka sikio, akaniita na mimi nikaweka langu; ilikuwa ikivuma kwa mbali, pumzi ya mtoto aliyelala. Bwanamkuu yeye aliweka kiganja juu yake, na uso wake ukafunguka. Nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi mpaka nikasahau kuulizia mkeka wangu.

Alhamisi alasiri Lubna alijifungia chumbani na ule mtandio wa zambarau. Sisi wawili tukakaa ngazini nje ya mlango, mimi na ufagio, shemeji na bisibisi yake, kama askari. Somo likaanza, maamkizi yakaenda vizuri, na laptopu ikapata moto.

Paka wa kwanza alikuwa yule mwekundu wa sokoni, mwenye sikio nusu. Alipanda ngazi bila haraka, pua juu. Nyuma yake wakaja wawili weusi. Kisha wakashuka wengine kutoka darini, maana feni ilikuwa ikipuliza papa dirishani, na upepo ukayachukua mambo yetu mtaa mzima. Paka wa Amu nimeishi nao tangu kuzaliwa, lakini sikujua kama ni wengi vile. Wakajipanga mlangoni kwa Lubna wakitazama juu. Na yule mwenye sikio nusu akafungua kinywa akalia.

Nikainua ufagio. Bwanamkuu akanishika mkono. Ufagio ungeleta kelele. Akashuka jikoni kwangu kwa ncha za vidole, akarudi na sahani ya samaki aina ya changu niliokuwa nimewakaanga kwa chakula cha jioni cha mume wangu. Sikuweza hata kupiga ukelele, na anajua alifanya makusudi. Akachuchumaa katikati ya paka, akawa anawamegea kidogo kidogo. Akaanza kuwanong'oneza.

Nimekwisha kuwaambia kuhusu kunong'ona kwake.

"Nyamazani, nawaomba kwa jina la Mola," ikavuma sauti yake nyumba nzima. "Mwanangu yuko ndani, atafuta riziki. Yeo akiikosa kazi hii, atakwenda Nakuru. Mamake meniwata peke yangu. Masikio yameniwata. Mashine zimeniwata. Na yeye akiniwata, ntasema na nani mimi? Ntasema na Bi Zamzam, ambaye kila neno lake ni ugomvi?"

Ndani, Lubna alikuwa katikati ya sentensi. Sentensi ikakatika. Nilimwashiria shemeji anyamaze, akadhani namwambia aongeze samaki.

Nikaisikia sauti ya Bi Chelangat, wazi kama yuko chumbani: "Mwalimu, ni nani huyo?"

"Ni baba yangu, Bi," akasema Lubna. "Samahani sana. Anazungumza na paka."

"Paka wanamjibu?"

"Bado, Bi."

"Na Bi Zamzam ni nani?"

"Ni mama yangu mdogo. Naye yuko hapo hapo mlangoni."

Nikauficha ufagio mgongoni, sijui kwa nini, hakuwa akiniona. Bi Chelangat alicheka, akajikaza, akashindwa akacheka tena. Kisha akasema kwa upole: "Sauti yako leo ni safi, mwalimu. Nimesikia kila kitu. Tuendelee na somo."

Wakaendelea mpaka mwisho. Bi Chelangat akaaga akisema atapiga simu. Lubna akatoka macho mekundu, na baba yake alipomuuliza ana nini, alisema ni ile harufu. Akaketi ngazini katikati ya paka, akaegemea bega la mzee, simu kaishika mkononi, tukangoja. Valary alipiga mara mbili, hakupokea. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na mimi nilikuwa nimeanza kukata tamaa na kukasirika na kila mtu, pamoja na ziwa lenyewe la Nakuru, ndipo Nairobi wakapiga.

Alisikiliza. Akasema "Ahsante" mara nyingi. Akamgeukia baba yake, akamwambia karibu na sikio, kwa nguvu: "Naanza Jumatatu, Baba! Siendi!"

Bwanamkuu akafuta mafuta ya samaki kwenye kikoi chake.

"Nliyua," akasema. "Mafuta ya papa hayana mfano."

Mpaka leo hajui kwamba alisikika. Mwanawe hakumwambia, nami nimekula yamini, ingawa lile neno la ugomvi bado naliweka.

Feni mpya ya Wafula ilifika kutoka Mombasa. Lubna aliilipia, akaiweka kabatini na boksi lake, na boksi halijafunguliwa. Nilimuuliza mbona haifungi. Akasema ataifunga siku yoyote. Lakini kila Ijumaa baada ya sala, namwona anatoka chumbani na laptopu, anakunja uso kidogo.

"Baba, naona yaanza kelele tena."

Na Bwanamkuu anasimama haraka kuliko umri wake. Anautandika mkeka wangu, anavua kofia, anasema Bismillahi, anauma mpini wa bisibisi akafumba macho. Paka wameshaijua siku, wanamngoja barazani. Mafuta sasa ni ya cherehani, hilo nililishinda mimi. Anatoa skrubu, anapiga mswaki, anatia tone, anafunga, na anamrudishia mwanawe mashine akimwonya kuhusu mto wa sufi.

Ijumaa iliyopita, kabla Lubna hajampelekea baba yake, nililiweka sikio langu juu ya ile laptopu. Nikaliweka tena, upande wa pili. Haikuwa na kelele yoyote.