Nyasi Ambazo Barafu Haikuzing'ata

Mama mkwe wangu alikuwa na sharti moja tu, na sharti hilo lilinichosha kuliko kazi zote nilizowahi kufanya Johannesburg. Nyasi za ufagio wa bibi harusi zikatwe na bibi harusi mwenyewe, baada ya barafu ya alfajiri, ule umande unaoganda, kuzing'ata. Kabla ya hapo, hapana.

Tulifika Soweto mwaka 1994, mume wangu akirudi kwao kutoka uhamishoni, mimi nikiacha kwetu Morogoro tulikooana. Cheti tulikuwa nacho, na picha pia. Lakini kwao ndoa haikamiliki mpaka mke awapelekee wakwe mikeka, mablanketi na ufagio, kisha afagie ua wao mbele ya watu. Mikeka na mablanketi nilivipata mapema, kwenye maduka ya jumla katikati ya jiji. Ukabaki ufagio. Bila huo, alisema shangazi wa mume wangu, mimi si mke, ni mgeni aliyekaa sana. Kwenye misiba niliketi na majirani. Wake wa ukoo walipoitwa jikoni, mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Iliniuma, tena iliniuma sana.

Kwetu nyasi zikikaribia nyumba unafyeka, zisije zikaficha nyoka, basi. Mama mkwe alinipeleka mbugani, nyuma ya nyumba za mwisho, akanionyesha nyasi za mabua membamba zilizonipita kimo, akanifundisha kuzisikiliza. Bua lililong'atwa na barafu ukilikunja linalia, kavu. Ambalo bado, linapinda kimya. Ufagio wa mabua ya kimya hauna nguvu, alisema, unapapasa tu vumbi.

"Barafu ikija, makoti," aliniambia kwa Kizulu, akiniita wanavyowaita wake za watoto wao. "Mwezi wa tano. Huwa haichelewi."

Ikachelewa. Ilichelewa mwaka ule, na ikachelewa tena miaka mingine, kila mmoja kwa namna yake, hata nikaanza kuona kama mbingu nzima ina ugomvi na mimi. Mwaka mmoja mvua ya mwezi wa kumi ilikuja baada ya Krismasi, ikamwagika kwa fujo siku mbili tatu na kukimbilia mitaroni, nyasi zikaishia magotini. Mwaka mwingine zilikua vizuri, ndefu, za kupendeza, nikanoa mundu. Tukangoja barafu. Mwezi wa sita tulikuwa bado tunaanika nguo kwa mikono mifupi. Ikanyesha mvua katikati ya kipupwe, jambo ambalo mama mkwe hakuwahi kuliona, mabua yakaota ukungu na kuwa meusi. Mwaka uliofuata moto wa mbugani uliwahi kabla ya barafu. Nilikwenda na mundu wangu nikakuta majivu.

"Mwakani," alisema mama mkwe. Nililichukia neno hilo.

Mume wangu, ambaye tulizungumza Kiswahili tukiwa wawili, alipenda kusikiliza redio akila. Jioni moja akaniambia, "Wanasema joto likizidi, huenda vichaka vikazila nyasi za huku."

"Huenda?"

"Eish, mke wangu, ndivyo wanavyosema. Hawana hakika."

Hata mimi sikuwa na hakika. Nyumba mpya nazo zilikuwa zinaila ile mbuga, kila mwaka safu nyingine, na siwezi kuapa lipi lilikuwa la mbingu na lipi la watu. Nilichokiona ni vichaka vya miiba kusimama pale nilipooneshwa nyasi. Nilichokiona ni bibi mzima anayejua kila jani la pale, akitoka mlangoni alfajiri kugusa ukuta kama una barafu, na kurudi ndani.

Kisha kifua kikamshika. Akawa haendi tena mlangoni. Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukafika nusu, na hewa ilikuwa vuguvugu tu.

"Kata," alisema mume wangu. "Nani atajua?"

"Mama yako atajua."

Nilikata. Zilikuwa fupi, za kijivu, na kila bua nililolikunja lilipinda kimya. Nikazifunga kwa kipande cha mpira wa tairi, mikono ikinuka mpira, moyo umechoka hata kuogopa. Tukaita watu.

Siku ya shughuli walimtoa mama mkwe na kiti chake, wakamweka mlangoni amefunikwa blanketi. Mikeka ikatandikwa, zawadi zikagawiwa, vigelegele vikapigwa. Nilipoinua ufagio, shangazi akanyoosha mkono mbele yangu.

"Barafu imezing'ata hizi?"

Mama mkwe akauomba ufagio. Akalishika bua moja, akalipeleka karibu na sikio, akalikunja taratibu. Aliyekuwa karibu naye ni mimi tu. Halikutoa sauti yoyote.

Akanitazama. Kisha akageukia watu.

"Imezing'ata," alisema. "Mimi mwenyewe nimesikia. Fagia, makoti."

Hakuna aliyethubutu kuuomba ule ufagio baada yake. Nikainama, nikafagia kutoka mlangoni hadi getini, na ufagio ukafanya kama alivyonieleza zamani, ukapapasa. Vumbi lilibaki nyuma yangu na kila mtu aliliona. Nilipomaliza, wake wa ukoo wakaniita jikoni kumenya viazi.

Alifariki kabla ya mwezi ule kwisha. Msibani niliketi mkekani na wake wa ukoo, bega kwa bega na shangazi. Barafu ilikuwa bado haijaja.