Dumu la Jumatatu

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Keshero. Mama Katungu anasugua dumu tupu kwa changarawe nyeusi, lakini leo hana haraka ya kuuza.

"Tangu juzi sijalala, papa," anamwambia mwandishi.

Kwa miaka tisa mzaliwa huyu wa Butembo anaokota madumu yaliyotupwa, anayaosha na kuwauzia watu wa Mugunga ya kutekea maji. Kila karatasi yenye maandishi iliyo kwenye dumu huibandua, "bido ionekane safi," kama anavyoliita dumu, na kuibandika ukutani kwake iwe pambo. Kwenye mpini hufunga kipande cha kitenge, kila siku na rangi yake.

Juzi jirani yake, mwalimu Ferdinand aliyesomea Ujerumani, aliona ukutani neno fupi: Gift. Uso ukambadilika.

"Kwa Mwingereza ni zawadi," alimweleza. "Kwa Mjerumani ni sumu. Mswidi huiita hivyo sumu, na hata mtu mwenye ndoa. Asili ni moja, kitu kinachotolewa. Hata dawa hutolewa, na sumu vilevile, mama."

"Na hii karatasi ni ya nani?"

"Yote ni Kijerumani."

Wee! Dumu lenyewe Mama Katungu alishaliuza Jumatatu, siku ya kitenge cha njano, pamoja na mengine matano. Jana alizunguka Mugunga akayapata matano, yote yananuka mawese. Lililobaki ndilo lenyewe, na aliyelinunua anamkumbuka: Nshobole, mama wa mapacha, ambaye jana hakumkuta nyumbani.

"Kama watoto wamekunywa, mimi nitaishi namna gani?" anauliza, macho chini.

Saa nne anamkuta Nshobole jikoni. Kitambaa cha njano kinaonekana kando ya moto. Mama Katungu anapiga kelele kabla ya salamu: "Maji ya ile bido, mumekunywa?"

Nshobole anashika kiuno. "Ile bido yako mbovu? Ilivuja njiani, hata hapa maji haikufika! Nimeikata, niko natia makala ya jiko. Nilikuwa nakuja kukugombeza!"

Mama Katungu anakaa chini kwenye mawe, analia kwa sauti. Nshobole, asiyeelewa kitu, anampakatisha pacha mmoja.

"Kuanzia leo siuzi bido mpaka mwalimu asome karatasi kwanza," Mama Katungu anamwambia mwandishi, mtoto kifuani. "Na mama huyu nitamuletea ingine, ya bure. Nitaiosha mara kumi."