Wembe wa Ndugu Yangu Mdogo

Ndugu yangu alikuwa na mazoea ya kunipigia simu kila Jumamosi alasiri, na kabla hajaniuliza kama nimekula alikuwa amekwisha kumtaja Mzee. Mzee amesema mvua itachelewa. Mzee amesema nisiharakishe kuoa. Mzee amenyoa ndevu zangu leo, Dada, hata sikusikia wembe ukipita.

Mzee huyo alikuwa kinyozi wa Mumias, na ndiye mwenye nyumba alimopanga ndugu yangu tangu alipopata kazi ya maabara huko. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilimchukia hivyo hivyo.

Baba yetu alikufa ndugu yangu akiwa bado anatambaa. Mama alipomfuata, mimi nilikuwa darasa la saba. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, wafiwa hunyolewa nywele, kuanzia mkubwa. Shangazi alininyoa mimi, kisha akamwita ndugu yangu. Mtoto akapiga mayowe, akakimbilia chini ya meza iliyokuwa na sufuria za wageni. Wazee wakambembeleza, wakamtisha, akakataa. Nikauchukua wembe wa Shangazi, nikaingia chini ya ile meza na kumnyoa humo humo, yeye ameshika sikio langu kwa mkono mmoja kama mtu anayeogopa kuanguka.

Kuanzia hapo kichwa chake kilikuwa changu. Sikurudi shule. Nilijifunza kushona, nikapata kibanda Lurambi, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa nilimkalisha juu ya ndoo nikamnyoa. Hata ndevu za kwanza nilizinyoa mimi, mpaka akaanza kuona haya na kusema ataenda kwa kinyozi kama wenzake. Hilo nililimeza. Kinyozi ni mtu wa kulipwa, humaliza akasema mwingine aje. Lakini huyu wa Mumias alikuwa akikishika kidevu cha ndugu yangu na kumpa na maneno ya kuishi nayo.

Kisha ndugu yangu akapata uhamisho.

"Naenda Mautuma mwisho wa mwezi," aliniambia.

"Na ndevu?"

"Nitajinyoa mwenyewe. Mashine za vinyozi zinaniletanga vipele. Nataka wembe wa kukunja, kama wa Mzee. Ule wake ulikuwa wa baba yake, Dada. Ungeuona!"

Aliusifu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuahidiwa. Nikaona picha yote: yule mzee akimkabidhi wembe siku ya kuondoka, ndugu yangu akiupokea kwa mikono miwili na macho yamelowa. Halafu mimi nifike na nini? Na sweta?

Kesho yake nilifunga kibanda mapema nikaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya vinyozi. Msichana wa duka alikuwa na kucha ndefu na subira fupi.

"Ni ya mtu anaanza? Basi chukua hii, anti." Akanionyesha wembe wa kukunja usio na makali yake mwenyewe. "Anavunja wembe wa kawaida katikati, anaingiza nusu hapa. Ukiisha makali anatupa, anaweka mwingine."

"Sitaki kitu cha kutupa."

"Si mpini, anti. Ni nusu ya wembe tu."

"Nionyeshe ule mwingine."

Ule mwingine ulikuwa wa chuma kizima, mpini mweusi, ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu. Pembeni yake palikuwa na brashi ya povu, bakuli, sabuni, kijiwe cha shabu cha kuzuia damu, na ukanda wa ngozi wa kupitishia wembe kabla ya kunyoa. Msichana aliniambia huo ni wa watu waliozoea, na kwamba mara nyingine hutoka kiwandani bila makali ya kutosha. Nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa nawaza wembe utakaodumu, ambao siku moja ndugu yangu atamwonyesha mwanawe na kusema, huu alininunulia dada yangu. Niliubeba.

Nyumbani niliujaribu kwenye nywele za mkono wangu. Haukukata hata moja. Mimi ni fundi. Sitoi nguo yenye uzi unaoning'inia, na sikuwa tayari kutoa wembe butu. Kwa hiyo alipopita yule bwana wa kunoa mikasi, mwenye jiwe la kuzungusha juu ya baiskeli, nilimwita kama ninavyomwita kila mara. Mikasi yangu yote ni yeye huinoa. Cheche ziliruka vizuri kabisa. Aliponirudishia, makali yalikuwa yamejikunja kama ukingo wa jani lililoliwa na kiwavi, na ncha imegeuka rangi ya samawati.

"Hii chuma ni nyembamba sana, mama," alisema, kama kwamba chuma ndicho kilichokosa.

Nilikaa na wembe huo mapajani nikijua kwamba katika kaunti nzima nilisikia habari za mtu mmoja tu anayeujua wembe wa namna hiyo.

Nilikwenda Mumias siku ya kazi, saa ambazo ndugu yangu angekuwa maabara. Duka la Mzee lilikuwa na kiti kimoja, na kitini mteja mwenye povu mpaka masikioni. Mzee alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomchukia.

"Asalamu aleikum," alisema. Nikajibu "Hamjambo" kwa kukosa la kujibu. Sikusema mimi ni nani. Niliutoa wembe tu.

Aliugeuza kwenye mwanga. "Huu umenolewa na nani? Seremala?"

"Na anayenoa mikasi yangu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mteja akageuza kichwa. "Mama, huo sasa katia mboga ya sukuma wiki," alisema, na povu likamwingia mdomoni.

"Hauponi," Mzee alisema alipotulia. "Mnunulie ule wa kuweka nusu ya wembe. Kijana anaanza, atajikata, atajifunza. Wewe si ndiye dada yake? Mna paji moja la uso."

Nilishikwa. Basi nikaona nimalize. "Kwani wewe humpi ule wako?"

Mzee aliuweka wembe chini. Alimfuta mteja shingo polepole.

"Aliuliza," alisema. "Aliniomba. Nikamwambia wembe wa baba yangu ni wa watoto wangu. Wako Nairobi, hawautaki, lakini ni wao. Nikamwambia, kijana, wewe una kwenu. Una dada."

Nilikuwa nimekuja na wivu wa Jumamosi zote zile kwa sababu mtu huyu alimpenda ndugu yangu kupita kiasi. Sasa nilimkasirikia kwa sababu hakumpenda vya kutosha. Aliyeombwa na ndugu yangu, aliyetajwa kama baba kila Jumamosi, akasema hapana! Nilitaka kumwuliza anamwonaje mwanangu, nikakumbuka si mwanangu. Tena kilichoniuma zaidi ni kwamba ndugu yangu alikuwa ameomba. Mimi sikuwahi kuombwa kitu kwa namna hiyo. Vyangu alikuwa akivichukua tu, kama maji ya mtungi.

Nilisema asante, kwa sababu nililelewa. Nikarudi kwa msichana wa kucha ndefu nikanunua wembe alioniambia tangu mwanzo, nikauweka ndani ya lile sanduku la kitambaa chekundu.

Ndugu yangu alikuja Lurambi kuniaga. Tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na kuku, nikampa sanduku. Alilifungua, akanusa sabuni, akaufungua wembe na kuukunja, akaufungua tena.

"Dada! Ulijuaje?"

"Si ulisema."

Aliipitisha brashi kiganjani.

"Mzee alitaka kunipa ule wake," alisema bila kuniangalia. "Nikakataa. Nikamwambia usijali, dada yangu ataninunulia."

Nilikuwa na mfupa mdomoni. Nilipata nafasi ya kuutoa na kuuweka sahanini taratibu.

"Ulifanya vizuri," nikamwambia. "Ule umezeeka. Ungekukata."

"Ndiyo," alisema. "Ungenikata."

Akajiongezea kuku.

Sasa hujinyoa mwenyewe huko Mautuma, na hunitumia picha za kidevu chake. Zile za mwanzo zilikuwa na alama za damu na unga wa shabu. Hizi za karibuni ni safi, ngozi laini, vipele vimekwisha. Chini ya picha huandika maneno yale yale: Dada, ukipita Mumias mwonyeshe Mzee.

Picha nimeziweka zote. Mumias sijapita tena.