Nyati Asiye na Kichwa

Mimi shule sikuiona. Kalamu nikiishika inanitoroka. Lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja basi, nimeshaikamata, na ndiyo maana watu wa kile kiwanda wote bado ninao humu kinywani. Wajukuu wakinisikia wanacheka, wanasema bibi leo yuko wangapi.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha sabuni hapa Karatu, miaka ya themanini, wakati ule sabuni ya dukani haionekani. Mimi nilikuwa wa kukoroga pipa la magadi. Magadi yale yanakula mkono, nyie! Miaka mitatu ngozi yangu ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha, hata mtoto wangu akawa hataki nimpake mafuta, anasema mama unakwaruza. Halafu ikaja mashine ya kufungia pakiti. Mwenzangu aliyepangiwa akajifungua wiki hiyohiyo, nikawekwa mimi.

Nailoni yake ilikuja kwenye roli, imekunjwa katikati kama shuka, na juu imechapwa picha za nyati, mmoja nyuma ya mwingine. Unaingiza miche sita ya sabuni ndani ya mkunjo, unaangalia nyati akae katikati, unashusha mkono wa moto, unakata na kubandika palepale. Pakiti inapita kwenye tanuri, nailoni inasinyaa, inabana sabuni kama soksi.

Fundi aliyeifunga mashine alikuwa mtu wa Tanga, maneno yake kama anabembeleza mtoto. "Bibie, yataka upole, eeh? Sukuma sabuni hadi kwenye mkunjo. Hadi mwisho, bibie, hadi mwisho kabisaaa." Akapanda gari, akaenda zake.

Na mimi nikasukuma hadi mwisho kabisaaa. Nyati anaingia tanurini amekaa vizuri, anatoka kichwa kimeshukia ubavuni kwenye mkunjo, juu yamebaki makalio na mkia.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee mmoja Mmasai wa duka la Piyaya, alikuja na punda wake kuchukua sabuni. Akaigeuza pakiti, akaigeuza tena.

"Yeyo, mama, hii nyati kichwa yake iko wapi?"

"Iko hapo kwa upande, baba."

"Aa-aa. Nikifika boma wataniuliza kichwa nimekula na nani."

Akairudisha mezani, taratibu kabisa, akachukua miche mitupu isiyofungwa. Msimamizi wetu alikuwa mlangoni anasikia yote. Yule mtu alikuwa anasemea puani, kama amebana pua na kibanio cha nguo. "Wewe mama! Roli hili likiisha na nyati hana kichwa, unarudi kwenye pipa!"

Nikaangalia mikono yangu. "Sirudi."

"Unasemaje?"

"Nasema nimesikia, mzee."

Roli lenyewe lilikuwa limebaki nene kama paja langu. Nikaanza. Nikaivuta nailoni kwa nguvu, ikararuka. Nikapunguza moto, ikatoka imelegea kama soksi ya mlevi. Nikamsogeza nyati mbele, akatoka na kichwa lakini amekosa miguu. Wenzangu kwenye pipa wananiita, "Mama Nyati, tumekuwekea mwiko wako!" Nikawaambia huo mwiko wakorogee uji. Adhuhuri roli limebaki kama mkono, na mimi sikwenda kula.

Nikakaa na pakiti moja iliyoharibika, naipapasa. Mbona kila mara anakimbilia kwenye mkunjo? Hakimbilii kwingine. Hapo ndipo nikamkumbuka mama yangu, kwetu Endamarariek, anawamba ngozi ya ng'ombe. Nilikuwa msichana, nikapigilia vigingi upande mmoja wote, nikakaza, ndipo nikahamia upande wa pili. Ngozi ilipokauka ikavutika yote kule nilikoanzia. Mama akanipiga kofi la mgongo: "Huku umeibana, huku umeilegeza, itaenda wapi? Ipe nafasi sawa pande zote, ijikaze yenyewe!"

Nikasimama. Sabuni nikaitoa kwenye mkunjo, nikaacha nafasi ya vidole viwili. Upande wa mkono wa moto nikaacha vidole viwili vilevile. Nyati nikamkalisha katikati ya sabuni, nikashusha mkono, nikaipeleka pakiti tanurini. Nikaenda kusubiri kwenye mdomo wa tanuri, zinakotokea.

Akatoka na pembe zake zote mbili.

Nikafunga tisa nyingine ndipo nikamwita msimamizi. Akazipanga mezani, akainama, hakuona makalio matupu. "Umepima na nini?" Nikamwonyesha vidole. Akaleta rula, akapima, akaandika. Kisha akataka kujaribu mwenyewe, akaitupa rula, akaweka vidole vyake, vinono kama ndizi mshale. Upande wa pili nailoni haikumtosha, ikapasuka kabla haijamaliza kubana.

"Mzee," nikasema, "pipa linatafuta mtu."

Wote wakacheka, na yeye mwishoni akacheka kwa pua. Kesho yake alileta rangi nyekundu, akaniambia niweke vidole mezani, akachora mistari pembeni yake. Kila aliyefundishwa mashine ile baada yangu alipima kwa mistari hiyo. Mimi kwenye pipa sikurudi tena, na mikono ikapona.

Mzee wa Piyaya alipokuja tena akaishika pakiti, akamtazama nyati usoni. "Sasa huyu anakuja," akasema. "Yule alikuwa anaondoka." Akafungasha punda.